Kulabu ya Bi Eldine Pitre

Inatangazwa kwa umma kwamba jukwaa la mafuta nambari 58, lililosimama baharini maili mbili na nusu kusini ya Anse Corinne, jimbo la Louisiana, halitoi tena mafuta wala gesi, halina wafanyakazi, na kwa kadiri ya uchunguzi makini uliofanywa kwa muda wa miaka tisa, halina mtumiaji yeyote anayejulikana. Kwa sababu hiyo litakatwa miguu na kuondolewa kabla ya mwisho wa Septemba. Ikithibitishwa kuwa lina watumiaji, laweza kuachwa liwe makazi ya samaki. Mwenye pingamizi afike ukumbi wa parokia Jumanne ijayo saa kumi jioni, akiwa na ushahidi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye duka la barafu na chambo katikati ya Julai, wakati joto limefika mahali ambapo mbwa wa Anse Corinne huacha kubweka na kubaki kuwatazama watu tu. Wanaume walilisoma wamesimama, mikono nyuma, kama wanaotazama maiti ya mtu wasiyemjua vizuri. Clovis Pitre alilisoma mara mbili, kisha akauliza hewani, "Hamsini na nane ndilo lipi hilo?"

Mwenzake akasema hana hakika, labda lile la upande wa kule. Wa tatu akasema yeye huwa hatazami huko kabisa.

Bi Eldine Pitre, mjane wa kaka yake Clovis, alilisoma akiwa amekumbatia mfuko wa barafu, akaendelea kulisoma hata barafu ikaanza kumdondokea viatuni.

"Shemeji," akasema Clovis, "barafu inayeyuka."

"Naona," akasema Bi Eldine. "Kila kitu kinayeyuka siku hizi."

Miezi tisa ya mwaka Bi Eldine ni mpishi wa shule ya msingi. Anawalisha watoto mia mbili na kumi na wawili, na hajawahi kumpa hata mmoja kijiko cha pili bila kumtazama machoni kwanza. Shule ikifungwa anakuwa mtu mwingine. Anavaa kofia ya marehemu mumewe na kushusha majini mashua ya futi kumi na tisa, kisha haonekani kabla ya adhuhuri. Anarudi na changu wa mikoko kumi, wala si kumi na mmoja, kwa sababu sheria inasema kumi na yeye ni mtu wa sheria. Sheria ya kusema kweli ndiyo aliyokuwa na tatizo nayo.

Hapo hakuwa peke yake. Katika Anse Corinne unaweza kumuuliza mtu ana kilo ngapi, alimpigia nani kura, na kwa nini binti yake amerudi nyumbani na masanduku. Atajibu, tena kwa urefu. Usimuulize samaki wake amemtoa wapi. Ukimuuliza Clovis amemvulia wapi, atakuambia, "Mdomoni." Kwa mila ya hapa huo ni ukarimu mkubwa.

Siri ya Bi Eldine alirithishwa na mumewe. Nolan Pitre alikuwa mpaka rangi wa majukwaa. Jukwaa la 58 alilipaka rangi miaka kumi na mmoja mfululizo, kwa kuwa kila alipomaliza mguu wa mwisho, mguu wa kwanza ulikuwa umeshika kutu. Katika miaka hiyo alikula chakula chake cha mchana akining'iniza miguu juu ya maji, akaona mambo. Alipokufa alimwachia mkewe nyumba, mashua, kulabu moja, na sentensi moja: maji yakiwa yanatoka, mguu wa kaskazini-magharibi, changu wanajipanga kama watoto wako kwenye foleni ya chakula.

Kuhusu kulabu. Kwenye jukwaa mtu hatupi nanga, kwa sababu chini kumejaa mabomba ya zamani yanayokula nanga. Unachukua bomba refu la alumini lililopindwa ncha kama bakora, unalinasa kwenye chuma cha jukwaa, nalo limefungwa kamba inayotoka omo, mbele ya mashua. Mkondo unakuvuta nyuma taratibu, na hapo umepata kiti chako. Kisha unatupa vipande vya vidagaa kimoja kimoja, kwa ubahili, mpaka changu wapande juu kuona nani anayewadharau kiasi hicho. Mshipi uwe mwembamba. Changu mkubwa ana macho ya mama mkwe.

Kila kulabu ina jina la mwenyewe. Ile ya Bi Eldine imeandikwa N. PITRE kwa rangi nyekundu, na ni rangi ya jukwaa lenyewe, ambayo Nolan aliita marupurupu. Kulabu ikisahaulika au kupotea, anayeiona anairudisha. Katika Anse Corinne vimeibwa vitu vingi, pamoja na mume mmoja, lakini kulabu haijaibwa hata siku moja.

Mila nyingine ni ya kupita. Ukikaribia mahali pako pa siri ukamkuta mwenzio, hupunguzi mwendo. Unakunja mishipi, unapunga mkono, unapita, uso umeelekea upeo wa macho kama mtu aliyeitwa huko kwa jambo muhimu. Na ukiwa umeshafika wewe ukamwona mtu anapita, unamwonea huruma, maskini, hajui alichokipita. Kwa miaka kumi na minne Bi Eldine aliwaonea huruma karibu watu wote wa mji wake.

Waliokuwa hawana mila ni serikali. Idara ya samaki ilimleta kijana wa bara, mpole, mwenye miwani na ubao wa kuandikia, asimame gatini na kuwauliza wavuvi maswali. Swali la saba lilikuwa: ulivua karibu na jukwaa nambari ngapi?

Bi Eldine alimtazama mara ya kwanza kama anavyomtazama mtoto anayetaka kijiko cha pili. Kisha akasema, "Thelathini na moja."

Kijana akaandika. Bi Eldine akatia saini. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka tisa. Na kwa kuwa ni mtu wa dini, kila Jumamosi alikwenda kuungama.

"Nimesema uongo, Baba."

"Kuhusu nini, mwanangu?"

"Mahali."

Padri Khoa, mtoto wa wavuvi wa uduvi wa kijiji cha pili, alikuwa na desturi ya kusogeza sikio hapo. "Na ukweli wenyewe ni upi?"

"Baba, nimekuja kutubu. Sijaja kuchora ramani."

Alipewa Salamu Maria tatu. Wiki iliyofuata alirudi na dhambi ileile, bado mbichi.

Sasa, Jumatano ileile tangazo lilipobandikwa, Bi Eldine alikwenda kuliaga jukwaa lake, au kulitazama tu, yeye mwenyewe hakujua. Maji yalikuwa yanatoka. Changu wa saba alikuwa sandukuni wakati wingu jeusi lilipotokea nyuma ya jukwaa bila kubisha hodi. Dhoruba za Julai haziaminiki. Ndani ya dakika tano upepo ulikuwa unaigongesha mashua kwenye mguu wa chuma. Kulabu hainasuliwi ikiwa imevutwa hivyo. Alitoa kisu cha shule, kile cha kukatia kuku, akakata kamba, akakimbia.

Alipofika gatini, akiwa amelowa na yu mzima, ndipo alipokumbuka. Kulabu ilikuwa imebaki inaning'inia kwenye chuma cha mguu wa kaskazini-magharibi, jina likiwa limeutazama ulimwengu mzima. Ingekuwa nafuu angeacha kitambulisho chake.

Alhamisi alirudi kuichukua. Akamkuta Ulysse Danos, fundi wa injini, anapita. Yeye naye akapita. Ijumaa akakuta mashua mbili, zote zinapita, moja imezima injini. Jumamosi alikuwa Clovis, anapita polepole sana, kana kwamba bahari ina matuta. "Shemeji!" akapiga kelele, "kuna samaki huku?"

"Sijui!" akajibu Bi Eldine. "Napita!"

Jumapili ni siku ya Bwana. Jumatatu alikuta mashua nyeupe iliyobandikwa picha ya Mtakatifu Petro, mali ya parokia, naye Padri Khoa akampungia mkono kwa namna ya kubariki. Bi Eldine akaenda maili nne zaidi kusini ambako hakuwa na kazi yoyote, akarudi.

Jumanne saa kumi jioni ukumbi wa parokia ulikuwa na watu arobaini na mmoja, kwa ajili ya jukwaa ambalo hakuna aliyejua liko wapi. Kulikuwa na sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa uduvi na bamia, aliyopika Bi Eldine na beseni la viazi vya mayai. Serikali iliwakilishwa na Bi Kessler, mwanamke kijana kutoka mji mkuu wa jimbo, mwenye faili nene, ambaye alikula sahani mbili kabla ya kufungua kikao.

"Kuna mtu yeyote hapa anayelitumia jukwaa nambari 58?"

Feni ya dari ikazunguka.

"Nauliza tena."

"Mama, sisi tumefuata gumbo," akasema Clovis, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Bi Eldine alikuwa ameketi mstari wa pili, mkoba magotini. Hesabu yake ilikuwa fupi. Akinyamaza, Septemba mguu wa kaskazini-magharibi utakuwa shehena ya chuma chakavu. Akisema, kesho alfajiri kila mwenye mashua atakuwa amekaa kwenye kiti chake. Alijaribu kutafuta njia ya tatu, kwa kuwa katika jiko la shule daima kuna njia ya tatu. Hakuiona. Akasimama.

"Mimi."

Vichwa arobaini viligeuka. Ilikuwa kama amevua nguo.

"Jina lako?"

"Mwanangu, umekula chakula changu sahani mbili. Eldine Pitre."

Bi Kessler akafungua faili. Alikuwa na vidole vyepesi, vya mtu aliyejiandaa. "Bi Pitre, tarehe kumi na nne Juni mwaka huu, changu kumi, jukwaa nambari 31. Tarehe ishirini na moja, changu kumi, nambari 31. Ninazo fomu zako mia moja na arobaini. Hakuna hata moja inayotaja 58."

"Nilidanganya."

"Zote?"

"Samaki walikuwa wa kweli."

"Hii ni saini yako?"

Bi Eldine akaitazama. "Ni yangu. Na mwandiko ni mzuri."

"Nitasema ukweli," akasema Bi Kessler, "si wewe tu. Kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna mkazi hata mmoja wa mji huu aliyewahi kuvua 58. Nyote mnavua 31. Idara ya samaki inalitambua 31 kuwa jukwaa lenye samaki wengi kuliko yote kwenye pwani hii, na imeomba liwekewe taa mpya." Akafunua ukurasa. "Idara yetu ya vyuma, kwa upande wake, inaonyesha kwamba 31 liliangushwa na kimbunga mwaka mmoja kabla ya fomu ya kwanza."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ilikuwa imewadhihirikia wote kwa mara moja kwamba kila mmoja, kwa akili zake mwenyewe na bila kushauriana na mtu, alikuwa amechagua uongo uleule.

"Pazuri pale," akasema Clovis, kwa sauti ndogo.

"Basi, Bi Pitre, miaka tisa nisikuamini, halafu leo nikuamini?"

"Ndiyo."

"Una ushahidi?"

"Ninao. Kulabu yangu iko pale tangu Jumatano. Mguu wa kaskazini-magharibi, chuma cha chini. Ina jina la mume wangu."

Mguno ukapita ukumbini. Kutaja mguu! Bibi mmoja wa nyuma akafanya ishara ya msalaba.

Bi Kessler akatoa picha kubwa, akaiweka mezani. Ilipigwa kutoka kwenye helikopta, Jumapili saa tatu asubuhi. Jukwaa lote lilionekana, kila chuma, hata kutu. Hakukuwa na mashua.

"Jumapili saa tatu watu wako misa!" akasema Padri Khoa, kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Wote?"

"Wote. Wasiofika wanajua nitawauliza."

Lakini Bi Eldine hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamia picha, kidole kwenye mguu wa kaskazini-magharibi. Chuma cha chini kilikuwa kitupu, na ndege mwari mmoja amekaa juu yake kama mwenye nyumba. Bomba lile Nolan alilipinda kwa mikono yake, uani, akimtukana fundi aliyemuuzia. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Mwari bado yuko.

"Basi," akasema, akaketi.

Hapo Clovis akaanza kutoka jasho. Feni ilikuwa juu yake kabisa, na bado jasho likamtiririka shingoni. Akasimama, akaketi, akasimama. "Nakwenda kutazama pikapu yangu," akasema, akatoka.

Alirudi amebeba kitu kirefu kilichofungwa turubai, akakilaza mezani kati ya faili na beseni la viazi. Akafungua. N. PITRE, kwa rangi nyekundu.

"Umeipata wapi, bwana?" akauliza Bi Kessler.

"Ilikuwa inaelea."

"Ni chuma."

"Alumini," akasema Clovis. "Nyepesi." Akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa ameshika ile kulabu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga. Clovis akavuta pumzi, mdomo ukafunguka ukafungwa, kama changu aliyetolewa majini. "Hamsini na nane," akasema. "Mguu wa kaskazini-magharibi. Jumamosi."

"Jumamosi ulikuwa unapita!" akasema Bi Eldine.

"Nilipita. Halafu nikasimama."

"Tangu lini unasimama?"

"Tangu Nolan aliponiambia. Siku ya harusi yenu. Alikuwa amelewa."

Bi Eldine alilipokea hilo, akaliweka mahali pa kulifikiria baadaye. "Na kulabu hukunirudishia kwa nini?"

"Ningeirudishaje, shemeji? Si ungeniuliza nimeitoa wapi!"

Kwa sheria za Anse Corinne hiyo ilikuwa hoja nzito, na Bi Eldine akakubali kwa kichwa.

Baada ya hapo hakukuwa na kikao tena. Ulysse Danos akasimama kusema kwamba yeye ni wa Alhamisi, tangu miaka ishirini. Mwingine akasema hawezi kukaa kimya akimsikia Ulysse anajidai wakati yeye ana miaka ishirini na sita, Ijumaa, mguu wa kusini. Wakaanza kugombana juu ya nani aliificha siri kwa muda mrefu kuliko nani, kila mmoja akimtaka mwenzake alete mashahidi, jambo ambalo kwa asili ya shauri lenyewe lilikuwa gumu.

"Na Jumatatu?" akauliza Bi Kessler, akiandika kwa kasi.

Padri Khoa akakohoa. "Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko."

"Baba!" akasema Bi Eldine. "Umeniuliza kwenye kitubio kila Jumamosi, na kumbe unapajua?"

"Mahali nilipajua, mwanangu. Nilitaka kujua kama unaujua mguu."

Ilipofika saa kumi na mbili watu ishirini na sita walikuwa wameapa na kutia saini. Bi Kessler akazipanga karatasi, akasema kwa upole kwamba amepokea ushahidi wa watu ishirini na sita ambao wote wamekiri kwamba saini zao huwa za uongo. Kwa hiyo Jumatatu ijayo atakwenda mwenyewe kukagua, saa mbili asubuhi, aone kwa macho kama jukwaa lina mtumiaji. Akaomba afungiwe gumbo ya kwenda nayo.

Jumatatu Bi Eldine alitoka gatini saa kumi na mbili asubuhi, kamba mpya kwenye kulabu. Akiwa bado nusu maili alipunguza injini. Walikuwepo wa Anse Corinne na binamu zao, na watu wa vijiji viwili vya jirani, na pikapu zenye namba za majimbo ya mbali alikuwa ameshaziona gatini. Mashua zilikuwa zimenaswa kwenye kila mguu, na zilizokosa chuma zilifungwa kwenye matako ya mashua nyingine, tatu tatu, kama punda. Kwenye mguu wa kaskazini-magharibi alikuwepo Mtakatifu Petro. Clovis alikuwa wa tatu kutoka kwake, mishipi yake imesokotana na ya mtu asiyemjua, wanatukanana kwa heshima.

Alianza kuwahesabu, akaacha. Jukwaa lilisimama, na kutu yake, na hilo ndilo alilolitaka. Akaikunja mishipi yake, akaielekeza omo mashariki.

"Shemeji!" akapiga kelele Clovis. "Njoo, nitakusogezea nafasi! Unakwenda wapi?"

"Napita tu," akasema Bi Eldine, akapunga mkono, akapita. Adhuhuri alirudi na changu kumi. Kijana mwenye miwani alimuuliza swali la saba, na alijibu bila kusita, "Hamsini na nane."

Ripoti ya ukaguzi ina kurasa sita. Ya mwisho inapendekeza jukwaa liachwe lilipo. Ya pili inaeleza kwamba ukaguzi uliopangwa saa mbili ulianza saa tano unusu, kwa kuwa mashua ya serikali ilikosa mahali pa kufunga kamba.